Makonyo ya karafuu usiyatupe: namna ya kulinda embe, tungule (nyanya) na mboga kwa vitu vya nyumbani

Mwaka juzi msimu wa vuli nilitoka Pemba na mapakacha manne ya embe boribo naleta Unguja, mawili ya shughuli ya mdogo wangu na mawili nimeshamuahidi mtu wa soko la Darajani. Nilizichuma asubuhi, nikaziosha kwa maji ya kisima ili ziende safi, nikazipanga zikiwa bado zimelowa, juu nikafunika majani ya mgomba, nikapanda nazo meli ya usiku. Kufika bandari ya Malindi hapo Unguja asubuhi nafungua pakacha la kwanza, joto linanipiga usoni na harufu kama ya tembo iliochacha. Kesho yake zikaanza kutoa madoa meusi karibu na kikonyo, madoa yanakua yanaungana, siku ya nne nusu ya embe nimezimwaga. Iliniuma sana, mana embe zile nimezitazama tangu zikiwa maua.

Kosa lilikuwa langu tangu pale kisimani. Nimezilowesha halafu nikazifunika na unyevu wake, yaani nimewatengenezea ukungu nyumba. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, nawauliza mabwana shamba na mabibi shamba, najaribu jikoni kwangu, na haya nnayokuandikia hapa ndo nnayoyafanya kila wiki. Wengi wanauliza hivi karafuu na ndimu kweli zinaua vijidudu au ni maneno tu. Kweli zinafanya kazi, ila zina mpango wake: maji safi kwanza, halafu kitu kichachu, halafu viungo, mwisho kukausha. Ukiruka maji au ukiruka kukausha basi hata ukatie karafuu za pishi zima hutopata kitu.

Kwanza tuelewane hapa mana watu wengi wanachanganya. Kuna vijidudu vinavyoozesha, hivi vingi ni ukungu, utaviona kwa doa, kwa ulaini, kwa harufu. Kisha kuna vyengine ambavyo haviozeshi kitu, tungule inakaa nyekundu inang'ara na juu yake kuna Salmonela au E. koli, bakteria wa kuharisha, na wewe unakata kachumbari unampa mtoto. Hivi vinatoka kwenye mbolea ya samadi, maji machafu ya kumwagilia, mikono, sakafu ya soko. Sisi Zanzibar kipindupindu tunakijua, si hadithi ya kusikia, kwaiyo mtu asikwambie kwamba tunda zuri kwa macho ni tunda salama. Ukungu unakula pesa zako, hivo vyengine vinakulaza.

Sasa maji. Kama maji ya mfereji au ya kisima chako huyaamini, yachemshe au tia kidonge cha klorini kama maelekezo ya pakiti yanavosema, uyaweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Kuosha mboga kwa maji machafu halafu ukatia ndimu juu yake ni kupoteza ndimu. Sugua kwa mkono uliooshwa, tunda moja moja, khasa pale kwenye kikonyo na kwenye mikunjo. Mchicha, kotmiri, nanaa na saladi fungua fungu lote, shina kwa shina, mana mchanga ukibaki na vijidudu vimebaki. Maji ya mwanzo yamwage, tia mengine.

Na hapa kuna kitu nataka ukishike kweli kweli. Tungule imekaa juani kwenye meza ya soko kutwa, ndani ina moto. Ukaitumbukiza kwenye maji ya baridi, ile hewa ya ndani inapoa inasinyaa, na tungule inavuta maji kupitia lile kovu la kikonyo. Inakunywa. Kama maji yale yana uchafu basi uchafu ushaingia ndani, na ukishaingia ndani hakuna siki wala karafuu itakayoufuata. Jaribu mwenyewe: tia tungule yenye moto ndani ya maji baridi yenye rangi ya chakula, subiri nusu saa, ipanguse, ikate. Utaiona rangi pale chini ya kikonyo imezama ndani ya nyama. Embe ni vilevile. Mwaka 1999 kule Marekani watu waliugua Salmonela kwa embe zilizotoka Brazil, embe zilikuwa zimetiwa kwenye maji moto kuua nzi wa matunda kisha zikapozwa kwenye maji baridi ambayo hayakuwa safi, zikayanywa. Kwaiyo tunda likitoka juani liache kivulini lipoe mwanzo, au maji yako yawe na uvuguvugu kidogo kuliko tunda. Hilo halina gharama yoyote na naona ndo linalosahaulika kuliko yote.

Baada ya maji, kitu kichachu. Siki ya dukani ya asilimia 5, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji safi. Au ndimu, kama nane hivi zenye maji kwa lita moja, kamua na uchuje mbegu. Roweka dakika kumi. Majani laini kama kotmiri na saladi dakika tano zinatosha, ukizidisha yanalegea na kuwa meusi pembeni. Halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, la sivo kachumbari itakuwa kali. Asidi ile inaingia ndani ya kijidudu na kukivuruga kisiweze kujiendesha, bakteria wengi hawawezi kuishi kwenye uchachu mkali, na kile cha kipindupindu khasa hakipendi uchachu hata kidogo. Kule Guinea-Bissau miaka ya 1990 kwenye milipuko ya kipindupindu watafiti waliona waliokuwa wakikamulia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliugua kidogo kuliko wasiokamulia. Sisi ndimu kwenye meza hatukosi, basi tusiwe wachoyo nayo. Ila siki na ndimu zinapunguza, hazimalizi. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa, mpikie mboga yake, usimpe mbichi kwa kutegemea ndimu.

Na tafadhali sana, usichanganye siki au ndimu na Jik (ile dawa ya klorini ya kufulia) kwenye beseni moja kwa kufikiri nguvu zitakuwa mbili. Inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na kifua, ni hatari.

Haya tuje kwenye karafuu, nilikokuwa nataka kufika. Ndani ya karafuu kuna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta yale ni kitu kinachoitwa yujenoli, ndo ile inayotia ganzi ukitafuna kwa jino bovu. Yujenoli inatoboa ile ngozi nyembamba inayokizunguka kijidudu, vya ndani vinavuja, kinakufa, na ukungu nao inauzuia usiote. Karafuu nzuri iliokauka ina mafuta kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake. Makonyo, vile vijiti tunavyovitoa usiku wakati wa kuchambua, yana kama asilimia 5 au 6, lakini yujenoli ni ile ile. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinachokamua mafuta ya makonyo, kwaiyo hicho unachokifagia jamvini ukakitia jaani ni mali. Karafuu peleka kituoni uuze, makonyo bakisha kidogo ya nyumbani.

Namna ya kutengeneza maji ya karafuu. Chukua vijiko viwili vya kulia vya karafuu kavu, au kama ni makonyo basi vijiko sita, twanga kwenye kinu mpaka zivunjike vunjike, si lazima ziwe unga. Lita moja ya maji kwenye sufuria, yakichemka tia, punguza moto, na FUNIKA. Hapa ndo watu wanapoharibu, mana mafuta ya karafuu yanaruka na mvuke, ukisikia nyumba nzima inanukia mpaka kwa jirani basi ujue dawa imekwenda kwa jirani. Dakika tano tu, epua, acha ipoe na mfuniko wake vivo hivo, ile mvuke irudi chini. Ukifungua utaona maji mekundu kama chai kavu na juu kuna vidoa vidogo vya mafuta vinaelea vinazunguka. Hivo usivimwage, koroga. Chuja kwa kitambaa cha pamba, ikishapoa kamulia ndimu mbili. Tumia siku hiyo hiyo, au mbili ukiwa na friji.

Maji haya ni ya suuzo la mwisho kwa vitu vyenye ganda: embe, papai, tungule, tango, pilipili boga, chungwa. Tumbukiza dakika mbili tatu, toa, usisuuze tena. Kwa ndizi usitumbukize chane nzima, chukua pamba upake pale ilipokatwa kwenye mkungu, mana ukungu wa ndizi unaingilia hapo kwenye jeraha, kisha unashuka kwenye vidole. Majani sikushauri, ladha inabaki na mchicha unaonuka karafuu haulikwi.

Ukikosa karafuu, mdalasini na mchaichai zinafuata, mdalasini una nguvu sana kwa ukungu, njia ni ile ile ya kufunika sufuria. Kitunguu thomu nacho kina nguvu lakini nguvu yake inazaliwa ukiponda tu, thomu nzima haifanyi kitu, na harufu yake kwenye embe hapana. Tena usiweke thomu mbichi ndani ya mafuta ukaiacha kabatini wiki nzima, kuna bakteria wa sumu anaependa sehemu kama hiyo isiokuwa na hewa, anapooza mtu na anaweza kumuua.

Embe za kusafirisha nna utaratibu wake, na huu ndo ulionirudishia moyo. Yale madoa meusi wataalamu wanayaita chule, ni ukungu ambao unaingia kwenye embe tangu ikiwa changa mtini, unalala ndani ya ganda, unasubiri embe iive. Kwaiyo kupaka juu peke yake hakutoshi, inatakiwa joto liufuate ukungu ulipo. Maji ya nyuzi 52, dakika tano. Kipimajoto cha jikoni skuhizi kinapatikana, kinunue, lakini kama huna hesabu ni hii: kipimo kimoja cha maji yanayotokota kwa vipimo viwili vya maji ya mfereji, kwa joto la maji ya huku kwetu inakuja hapo hapo karibu na 52. Tumia beseni kubwa, maji mengi embe chache, kama kumi kwa ndoo kubwa, mana embe zenyewe zinapoza maji. Weka birika la maji moto pembeni uongeze kidogo kidogo na ukoroge, ila usimimine juu ya embe. Ukizidisha joto ganda linababuka na embe haiivi sawa. Maji yenyewe yawe ya karafuu, hapo unapata mambo mawili kwa mara moja.

Ukitoa usizitie maji baridi, umeshajua kwanini. Zipange juu ya jamvi safi kivulini pepo inapita, kikonyo kiangalie chini, uache mpaka ukipitisha kiganja kinabaki kikavu. Mie naziacha tangu alasiri mpaka asubuhi. Halafu ndo zinaingia pakachani, na pakacha liwe kavu, bila majani ya mgomba mabichi. Embe ilioanguka chini, iliopasuka, au yenye doa hata dogo kama kichwa cha pini, itoe kula nyumbani siku ile, samaki mmoja akioza. Msimu uliofata nilileta mapakacha matatu kwa njia hii, embe zilizoharibika nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wenye mafuta ya karafuu ya chupa, ile ya kiwandani, hayo msipake kwenye tunda. Yana ukali, yanachoma ganda na kuacha alama ya kahawia, na ngozi ya mkono pia inawaka. Yanafanya kazi vizuri zaidi kwa hewa yake. Chukua kifuniko cha soda, weka pamba, dondoshea matone mawili matatu, kiweke kwenye kona ya boksi lenye embe au tungule kavu, kisiguse tunda, funga boksi usiku mmoja, asubuhi fungua upepo uingie. Jaribu kwa matunda machache mwanzo uone ladha. Na chupa iweke juu mbali na watoto, mtoto akinywa hata kidogo yanaweza kumuharibu ini, ikitokea mkimbize hospitali, usimtapishe.

Kuna na kitu cha kuvalisha tunda, hiki ni kwa anaetaka tungule zikae bila friji. Kuna muhogo na kuna alovera, mie napenda wa muhogo. Kwaruza muhogo, kamua kwenye kitambaa, maji yake yaache yatulie, ule wanga mweupe unaokaa chini ndo wenyewe, uanike. Vijiko vitatu kwa lita moja ya maji, pika huku unakoroga mpaka uji ule uache weupe uwe kama kioo, uwe mwepesi wa kutiririka. Ukipoa ukabaki na uvuguvugu tia kikombe cha maji ya karafuu. Tumbukiza tungule iliyokwishaoshwa na kukauka, itoe, iache ikauke juu ya wavu. Inabaki na koti jembamba hulioni, linazuia maji ya tunda yasitoke likasinyaa, na linashikilia karafuu pale pale kwenye ganda. Uji ukiwa mzito tunda linakosa pumzi, linaanza kuchacha ndani, kwaiyo wepesi ni bora kuliko uzito. Wa alovera ni kukata jani, kulisimamisha mpaka ule utomvu wa njano umalize kutoka mana ule unaharisha, kisha kuchukua ute mweupe, kuusaga na ndimu na kuuchuja. Kabla ya kula osha, vyote viwili vinatoka kwa maji.

Mwarobaini watu wananiuliza sana. Kwenye shamba na kwenye ghala la nafaka sawa, wadudu wanaukimbia, lakini tunda la kula usilirowekee, uchungu wake hautoki. Maji ya chumvi nayo yanafaa kuwatoa viwavi kwenye kebeji na mchicha, wanaelea unawaona, ila kwa bakteria chumvi ile ya kijiko haifanyi kazi kubwa, fuatisha siki.

Mboga za majani usizioshe siku uliyotoka sokoni kama huzili siku hiyo. Zifunge kwenye kitambaa kikavu au karatasi, osha siku ya kupika. Embe mbichi, ndizi na tungule zisizoiva usizitie kwenye friji, baridi inaziumiza, ganda linakuwa jeusi na kinga yake ya asili inapungua, ukungu unapata njia. Ziache ziive nje, zikishaiva ndo ziingie. Na ndizi mbivu usiziweke pamoja na mboga, zinatoa hewa inayoivisha na kuchakaza vyengine haraka.

La mwisho ni Ramadhani, mana hapo ndo nnapoogopa. Tunakata papai na tikiti saa tisa ili tuwahi kukaanga sambusa, sinia linakaa mezani limefunikwa kawa mpaka magharibi, na mengine yanapelekwa kwa jirani. Papai na tikiti hazina uchachu, zikishakatwa ule utamu na maji yake ni chakula cha bakteria, na kisu kinatoa uchafu kwenye ganda kinauingiza ndani, kwaiyo hata tikiti ambalo ganda lake hulili lisugue na ulisuuze kwa maji ya siki kabla ya kisu. Osha ubao. Kamulia ndimu juu ya vipande, ndimu moja kwa sinia la watu wanne, inachelewesha na ladha inapendeza. Kisha friji. Kama huna friji usikate saa tisa, acha tunda zima likiwa safi na kavu, kata jua likikaribia kuzama. Likibaki nje zaidi ya masaa mawili baada ya kukatwa, kuku wale.